Dawa ya Viatu Kwenye Mipira ya Breki

Kila siku ya skuli, kabla jua halijapanda, Kauthar hufuta vioo vya gari ya mama yake kwa kitambaa kilicholowa maji. Mama yake, Bi Mardhiya, ni mwalimu wa watoto wadogo Chake Chake, nao wanaishi Mtambile. Gari yenyewe ni ndogo, ya buluu iliyopauka, na umri wake ni mara mbili ya umri wa Kauthar, ambaye ana miaka kumi na miwili. Kauthar hukaa mbele na mama yake. Mdogo wake, Duni, wa darasa la kwanza, hukaa nyuma na mikoba.

Wiki moja Bi Mardhiya alianza kulalamika kwamba breki zimelegea. Akikanyaga, pedeli ilikuwa ikienda chini zaidi ya kawaida, na upande wa ndani wa tairi la mbele palikuwa na matone ya mafuta. Jumamosi akafuatana na Kauthar, akaipeleka gari kwa Fundi Masoud, ambaye gereji yake iko kando ya barabara, karibu na nyumbani.

Fundi Masoud aliinama, akatazama, akainuka.

"Mwalimu, mipira ya breki ya mbele imechoka," alisema. "Hii ndiyo inayopeleka mafuta ya breki kwenye magurudumu. Nitakufungia mipya, yote miwili."

Bi Mardhiya akakubali, akamlipa palepale. Kisha akamwambia Kauthar amsubiri, kwa sababu alitaka kwenda kuhani msiba nyumba ya tatu kutoka pale.

Kauthar alikaa juu ya kreti tupu la soda. Alipenda kutazama kazi za mafundi. Aliiona gari ikipandishwa kwa jeki na gurudumu likitolewa. Akauona na mpira wenyewe: kijibomba kifupi cheusi, unene wake kama kidole. Alingoja kuona mpya ukitolewa kwenye boksi.

Hakuna boksi lililofunguliwa. Fundi Masoud alikaza nati ya mpira uleule wa zamani, akaufuta mafuta kwa tambara, kisha akatoa mfukoni kikopo kidogo cha dawa ya viatu. Akaupaka na kuusugua mpaka ukang'aa. Akarudisha gurudumu, akahamia upande wa pili, akafanya vilevile.

"Ami Masoud," Kauthar aliuliza taratibu, "ile mipya iko wapi?"

Fundi hakugeuka. "Weye mtoto wa kike, breki umezijulia wapi? Si hiyo unayoiona inang'aa? Kaa hapo umngoje mama yako."

Bi Mardhiya aliporudi, alichungulia nyuma ya tairi, akaona weusi unaong'aa, akashukuru. Kauthar alifungua mdomo. Fundi Masoud akamtazama, mara moja tu. Tangu azaliwe Kauthar alikuwa amefundishwa kwamba mtoto hampingi mtu mzima mbele ya watu. Akaufunga mdomo wake. Siku ya pili, walipokuwa wakiosha vyombo, alitaka tena kusema, lakini mama alikuwa akisifu breki zilivyokaza. Akanyamaza.

Jumatatu asubuhi waliondoka kama kawaida. Walipofika kwenye mteremko mrefu, karibu na kuingia Chake Chake, Bi Mardhiya alikanyaga breki ili apunguze mwendo. Pedeli ilizama mpaka chini kama mguu uliokanyaga tope. Akakanyaga tena na tena. Gari haikupungua kasi.

"Kauthar, jishikilie," alisema kwa sauti ndogo. "Duni, jishikilie, mwanangu."

Mbele yao wanafunzi walikuwa wakitembea ukingoni mwa barabara. Bi Mardhiya alipiga honi mfululizo. Akarudisha gia ya pili, injini ikanguruma. Akarudisha ya kwanza, huku akivuta breki ya mkono kidogo kidogo. Wanafunzi walitawanyika. Gari ikajikwaruza kwenye ukingo wa udongo, tairi moja likaingia mtaroni, ikasimama. Hatua tatu mbele yake msichana mmoja alibaki amesimama na daftari zake kifuani, hawezi kusogea.

Bi Mardhiya alizima injini, akageuka kuwatazama wanawe. Duni alikuwa akilia.

"Mama," Kauthar alisema, naye machozi yanamtoka, "ile mipira si mipya. Aliipaka dawa ya viatu. Nilimwona."

"Ulimwona kwa macho yako?"

"Nilimwona. Nilimuuliza, akanambia nikae."

Bi Mardhiya alimfuta machozi. Kisha akachukua simu, akampigia Fundi Mmanga wa Tibirinzi, ambaye alikuja na gari kubwa, akaivuta ile ndogo mpaka kwenye gereji yake.

Fundi Mmanga ni mtu wa maneno machache. Aliitoa mipira, akaifuta kwa kitambaa cheupe. Kitambaa kikawa cheusi, na harufu ya dawa ya viatu ikasikika. Akaupinda mmoja kwa vidole viwili. Nyufa zikafunguka urefu wake wote. Wa pili ulikuwa umepasuka kabisa.

"Njoo uone, Kauthar," alisema. "Mpira wa breki ukiwa na nyufa, ukivimba, au ukilowa mafuta, hauna dawa. Hutolewa, ukatiwa mpya. Wa gari kuukuu utazamwe kila mara, hata kama breki zinashika."

Akafunga mipya, pamoja na vipete vipya vya shaba vya kuzuia mafuta yasivuje pale inapoungana. Akazungusha usukani mpaka mwisho kulia, kisha kushoto, kuhakikisha mipira haijajisokota wala haigusi tairi. Halafu Bi Mardhiya akawa anakanyaga pedeli na kuiachia kila anapoambiwa, na fundi akawa anatoa upepo kwenye mabomba, huku Kauthar akiongeza mafuta ya breki yasipungue kwenye kikopo chake. Mapovu yalipokwisha, pedeli ilikuwa ngumu. Fundi Mmanga aliijaribu gari uwanjani kwa mwendo mdogo, mara tano, ndipo akaikabidhi.

Jioni ileile Bi Mardhiya alisimama mbele ya gereji ya Fundi Masoud. Wateja watatu walikuwepo. Alifungua gazeti alilofungia ile mipira ya zamani, akaiweka juu ya meza.

"Itazame," alisema.

Fundi Masoud aliitazama. "Mwalimu, siku ile vifaa havikuwepo dukani. Nilitaka nikusaidie usikwame."

"Ungenambia havikuwepo. Ningepanda gari ya abiria. Wewe ulichukua haki yangu, ukanipa uongo, nikapakia wanangu juu ya uongo huo."

"Ni bahati mbaya, mwalimu."

"Bahati mbaya haipaki dawa ya viatu."

Wateja walitazamana. Kauthar alihisi uso wake unawaka kwa hasira, lakini sauti ilitoka imetulia. "Ami Masoud, na gari nyingine ngapi umezipaka?"

Safari hii hakumwambia akae. Aliinamisha kichwa.

"Mbili," alisema mwishowe. "Ya Zubeir na ya Bwana Nassor."

Zubeir alikuwa akipeleka watoto wa jirani chuoni, kusoma Kurani, kila jioni. "Mpigie," Bi Mardhiya alisema. "Sasa hivi, mbele yangu."

Simu ya kwanza haikupokewa. Wala ya pili. Mmoja wa wateja tayari alikuwa akiwasha pikipiki yake amfuate, ndipo Zubeir akapokea, akisema ndiyo kwanza anawapakia watoto.

"Washushe," Fundi Masoud alisema. "Washushe wote. Gari yako haina breki. Kosa ni langu." Kisha akampigia Bwana Nassor, akamwambia vilevile.

Kabla ya wiki kwisha, mbele ya sheha wa mtaa na wenye gari, alifungua magurudumu ya gari zote mbili akatia mipira mipya, akamrudishia Bi Mardhiya pesa zake. Wateja wengi walimhama hata hivyo, wala hakuwa na la kuwalaumu.

Jioni ile ya Jumatatu, wakirudi nyumbani kutoka gereji ya Fundi Masoud, Kauthar alisema, "Nisamehe, mama. Ningesema Jumamosi."

"Ungesema," Bi Mardhiya alijibu. "Na mimi nina kosa. Nilitazama mng'aro tu, sikuomba hata kuoneshwa mipira ya zamani. Tena ni mimi niliyekufundisha kunyamaza mbele ya wakubwa. Sikiliza, mwanangu. Muamkie mkubwa, mpishe kiti, msemeze kwa adabu. Lakini ukimwona anadanganya juu ya roho za watu, sema. Akikataa kukusikiliza, mtafute mwingine umwambie, na mwingine tena, mpaka apatikane wa kusikia. Hapo hujamvunjia mtu heshima. Umewalinda watu."

Kauthar aliitikia kwa kichwa. Nyuma yao Duni aliuliza kama na yeye, ambaye yuko darasa la kwanza, anaruhusiwa kusema.

"Hata wewe," mama yake alimjibu.