Nailoni Chini ya Nyumba ya Loice

Ijumaa hiyo nilikuwa nimechoka hata kabla ya kuanza. Nilifika kwa Loice, huko Manga, saa kumi na nusu, mgongo ukiniuma. Na sisi Wasabato jua likizama kazi imekwisha, umalize usimalize.

Nyumba yake ya mbao imesimama juu ya nguzo za mawe kwa sababu ya mteremko. Chini yake pana nafasi ya mtu kutambaa, na udongo wa huko haukauki. Unyevu ulikuwa ukipanda sakafuni hadi magodoro yakaota ukungu. Mtoto wake Abner, wa miaka miwili, kifua kilipiga miluzi usiku na mchana. Daktari alikuwa amesema wazi: nyumba isipokauka, mtoto hatafika Disemba.

"Fundi Alfayo, maliza leo," Loice aliniambia. "Mimi sina nguvu ya wiki ingine."

Nikaingia kwa tumbo. Nikabana sponji kati ya mbao za sakafu, nikaziba kando zote, kisha nikatandika nailoni nzito juu ya udongo. Kulikuwa na harufu... maziwa yaliyochacha. Nikadhani ni paka.

Mawe ya kukandamizia yakaniishia. Kwenye kona niliona mengine matatu, madogo, yamepangwa vizuri. Haraka haraka haina baraka, najua, lakini jua lilikuwa linaenda. Nikayachukua, nikafunika na hapo.

Nailoni ikainuka.

Ikashuka.

Ikainuka tena... taratibu, kama tumbo la mtu aliyelala.

Upepo, nikajiambia. Upepo gani, na nimeziba kila mahali?

Juu yangu Loice akapiga kelele. "Fundi! Abner hapumui!"

Bonareri, mama mkwe wake, alikuwa ameinama kwenye tundu nililoingilia. Yeye hakupiga kelele. Alinong'ona.

"Mwanangu, hayo mawe umetoa wapi?"

Nikamwonyesha kona.

"Nyasae, Mungu wangu... Hapo nilizika kifungua mimba wangu. Siku tatu tu, hata jina hakupata. Wakijenga, nilinyamaza. Shamba lenyewe ni hili moja, wangejenga wapi?"

Nikatoa kisu, nikakata nailoni pale, upana wa sahani. Pumzi yenye joto ikanipiga mkononi. Juu, mtoto akakohoa, kisha akalia. Nikalia na mimi, sioni haya kusema.

Tundu la nailoni tuliliacha, na mawe nikayarudisha. Sakafu ikakauka. Miluzi ikaisha. Loice akanipa mkungu wa ndizi, nikafikiri yamekwisha.

Mwezi uliofuata akampeleka Abner kwa dada yake, huko Ekerenyo. Kabla hata hawajafika sokoni, mtoto akalegea mgongoni, midomo ikageuka rangi. Mtu wa boda akageuza pikipiki palepale. Walipoingia langoni kwao, Abner akavuta pumzi.

Wamejaribu mara mbili tena. Ni vilevile.

Sasa ana miaka mitano, mzima kabisa, na shule iko ng'ambo ya kilima. Juzi nilipita kwao, nikamkuta Loice amekaa kizingitini, macho mekundu. Mama mkwe wake alikuwa kando yake, akichambua chinsaga.

"Wangu nilimwacha peke yake miaka arobaini," Bonareri alisema polepole. "Mwache huyu akae naye kidogo."

"Kidogo ni mpaka lini, mama?"

Bonareri aliendelea kuchambua mboga.