Shemeji Alimlisha Mwanangu Masalia ya Juisi

Mimi ni mwanaume wa miaka arobaini na nane, mzaliwa wa Butiama, naishi Nyakato hapa Musoma. Shule niliishia darasa la tano, lakini wenye digrii zao leo wananiita bosi! Nilikuwaga nasukuma toroli la maji Bunda... sasa nina maduka ya vifaa vya ujenzi, Bunda na Musoma. Sikubebwa na mtu.

Nilichokosa ni mtoto. Mimi na mke wangu tulihangaika mpaka watu wakaanza kutucheka, ndipo Mungu akatupa Baraka.

Alipotimiza miezi sita, nesi wa kliniki akatufundisha kumwanzishia matunda. Nawa mikono kwa sabuni. Osha papai kwa maji safi kabla hujalikata, menya, toa mbegu zote, saga mpaka lilainike, mlishe hapo hapo. Likibaki, usimwekee. Nikanunua blenda mpya! Mapapai nilifuata mwenyewe kijijini Guta. Nani mwingine Musoma nzima analishaga mtoto hivyo?

Mke wangu aliporudi dukani, nikamleta Nyangeta, mke wa mdogo wangu, atulelee mtoto. Huyo mdogo wangu nilishampa duka la Bunda asimamie. Niliwaamini...

Mtoto akaanza kuharisha. Akatapika. Macho yakazama, akilia machozi hayatoki! Hospitali wakamtundikia dripu. Mimi, ambaye nikikohoa Bunda wanasikia, nikabaki nimeshika ukuta.

Nyangeta akatuletea uji. Nilimpokea getini, na bodaboda mmoja akampigia kelele: "Mama Juisi! Leo umetunyima? Au papai za bosi zimeisha?" Wenzake wakacheka. Shemeji akainamisha kichwa.

Nilimbana mpaka akasema. Kwa blenda ya mwanangu na mapapai ya mwanangu, alikuwa anasaga juisi kwa maji ya ziwa yasiyochemshwa, anauza barabarani! Iliyobaki kwenye jagi, imekaa na joto kutwa nzima, ndiyo anamlisha Baraka.

"Shemeji, niliona ni papai lile lile," akaniambia. Lile lile?!

Baraka alipona. Mimi sijapona! Mdogo wangu akaja analia, "Kaka, mimi sikujua." Nikamwambia, "Basi nenda na mkeo ukajue," nikachukua funguo za duka. Mama akapiga simu kutoka Butiama: "Mwanangu, hiyo ni damu yako." Nikamjibu, "Na Baraka ni damu ya nani, mama?"

Nikasikia Nyangeta amefungua meza ya juisi Nyamuswa. Nilienda! Nikasimama mbele ya wateja wake, nikasema yote kwa sauti. Glasi zikarudishwa mezani zimejaa. Akahamia Bunda, nikamfuata. Mtaniita katili? Niiteni!

Wasomaji wenzangu, tunda la mtoto liandae mwenyewe, au lisimamie kwa macho yako mpaka kijiko cha mwisho. Usiseme huyu ni ndugu, ataangalia. Na wewe unayelea mtoto wa mwenzio, ukichoka sema, upewe nauli urudi kwenu kwa amani. Usimlishe masalia... maana baba yake anaweza kuwa mtu kama mimi!