Herufi Mbili Zilizofutwa

Binti alianguka zikiwa zimebaki mita arobaini tu afike kwenye utepe. Hakujikwaa, hakusukumwa, hakupiga hata kelele. Alikuwa anaongoza, mara akawa chini kifudifudi, na wenzake wakampita wakidhani atainuka.

Inspekta alipofika uwanjani, mwili ulikuwa umefunikwa shuka la timu ya huduma ya kwanza. Mashabiki walimwita binti huyo Mshale. Miaka kumi na tisa. Hakuna jeraha, hakuna damu, ila mchubuko mmoja shavuni uliotokana na lami nyekundu ya uwanja.

Sajenti alikuja mbiombio na kopo mkononi. "Afande, kesi imekwisha. Limekutwa kwenye begi lake."

Kopo liliandikwa vitamini. Kwenye picha yake vidonge vilikuwa vyekundu. Ndani vilikuwa vyeupe, vidogo, vyenye mstari katikati.

"Kocha kampa madawa ya kuongeza mbio," Sajenti alisema. "Yamemlipukia."

"Kesi haijaanza, wewe umeshaimaliza? Niitie huyo kocha."

Kocha alikaa kwenye benchi la chumba cha kubadilishia nguo, filimbi ikining'inia shingoni. Inspekta alisimama mbele yake, akanyamaza. Kituoni walimwita Mama Subira kwa sababu hiyo: wengi hawakuweza kuustahimili ukimya wake.

"Vidonge si vyangu," kocha alianza mwenyewe.

"Ni vya nani?"

"Alikuja navyo kutoka kwao. Mimi ndiye niliyemwambia aviache!"

"Kwa nini?"

"Vilimfanya mzito. Aliniambia, 'Kocha, miguu kama imefungwa mawe.' Nikamwambia vitamini gani hizo, achana nazo mpaka mbio zipite."

"Akaacha lini?"

"Siku nane zilizopita. Leo alikuwa amerudi kuwa Mshale wa zamani. Uliona mwenyewe..." Akakumbuka kwamba Inspekta hakuwepo, akainamisha kichwa.

Siku ya nne, daktari wa uchunguzi wa maiti alimwita Inspekta ofisini kwake. Alikuwa mzee asiyepoteza maneno.

"Moyo mzima. Misuli, vali, mishipa, vyote safi. Damu haina sumu wala dawa ya aina yoyote."

"Na vidonge?"

"Ni dawa ya kutuliza mapigo ya moyo. Haikumuua, maana mwilini mwake haikuwemo hata chembe."

"Moyo mzima husimama wenyewe, daktari?"

"Upo ugonjwa ambao kisu changu hakiuoni. Kasoro inakuwa kwenye jeni, ile inayosimamia mlango wa kalsiamu ndani ya seli za moyo. Mtu akitulia, mlango unafunga vizuri, hata kipimo cha umeme wa moyo kinatoka safi. Akikimbia au akishtuka, mlango unavuja. Mapigo yanavurugika, moyo unatetemeka badala ya kusukuma damu. Unarithiwa. Mzazi mmoja akiwa nao, kila mtoto ana uwezekano wa nusu kwa nusu."

"Una hakika?"

"Nimepeleka sampuli maabara ya vinasaba, tusubiri. Lakini nani humpa mwanariadha dawa kama hii? Nadhani kuna daktari aliyejua kabla yangu."

Inspekta alirudi kwa kocha na kuomba faili la binti. Ndani mlikuwa na nakala ya barua ya daktari wa moyo, ya miaka miwili nyuma, iliyoandikwa kwa mkono. Sentensi ya mwisho ilisema: *Nashauri a   shiriki mbio za ushindani.*

Aliitazama ile nafasi katikati ya neno. Kisha akampigia simu daktari wa moyo.

"Nakala yako unayo? Nisomee sentensi ya mwisho."

"Nashauri asishiriki mbio za ushindani."

"Neno la pili, daktari. Taratibu."

"A-si-shiriki."

Herufi mbili. Inspekta akakata simu, akamgeukia kocha. "Barua hii aliileta nani?"

"Shangazi yake. Ndiye aliyewalea, yeye na mdogo wake."

Shangazi alikuwa fundi wa sare za shule. Inspekta na Sajenti walimkuta mezani kwake, chaki sikioni, akifumua mshono kwa wembe. Inspekta aliweka barua juu ya kitambaa. Hakuuliza kitu.

"Niliikwangua kwa wembe kama huu," shangazi alisema mwishowe. "Kisha nikaitoa nakala."

"Kwa nini, mama?"

"Baba yao, kaka yangu, alikufa akikimbilia basi. Tukasema presha. Mama yao hakumaliza mwaka. Huyu mkubwa akawa bubu, afande. Miezi saba, neno hatamki. Siku ya michezo shuleni akakimbia, akarudi kwangu anahema, anacheka, anasema, 'Shangazi, umeniona?' Ndilo neno lake la kwanza." Akaushika ukingo wa meza. "Halafu akazimia mazoezini, daktari akampima damu, akaniambia mbio basi. Ningemwambiaje?"

"Ukavitia vidonge kwenye kopo la vitamini."

"Kila asubuhi alimeza mbele yangu. Mpaka alipohamia kambini. Nilijiambia dawa itamlinda. Nikajiambia mbio hizi tu, kisha nitamwambia. Zikaja nyingine." Alinyanyua uso. "Mbona dawa haikumsaidia?"

Swali hilo Inspekta alilijua tangu anapanda ngazi.

"Aliacha kumeza, mama. Alidhani ni vitamini tu."

Shangazi hakulia. Alitoa chaki sikioni, akaiweka mezani kwa uangalifu, kama kitu kinachoweza kuvunjika. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Methali hiyo ilimjia Inspekta ulimini, akaimeza. Ingekuwa kumkanyaga aliyekwisha kuanguka.

"Kuna mashtaka ya kughushi, na ya kusababisha kifo kwa uzembe," alisema. "Ila kwanza, huyo mdogo. Amepimwa?"

"Hapana. Niliogopa. Nikijua wawili..."

"Yuko wapi?"

"Shule ya bweni. Yuko kwenye mitihani, hajaambiwa msiba. Ana miaka kumi na nne. Anacheza netiboli."

Inspekta alipiga simu palepale. Kwanza shuleni: mtoto akae ofisini kwa mwalimu mkuu, asikimbizwe, asishtuliwe. Kisha kwa daktari wa moyo: aje shuleni na mashine yake ya kurudisha mapigo ya moyo.

"Afande, mtuhumiwa anapaswa kwenda kituoni," Sajenti alinong'ona.

"Ataenda. Kituo kitatungoja."

Saa tisa alasiri waliingia pamoja na shangazi ofisini kwa mwalimu mkuu. Yule mdogo wa marehemu alikuwa kwenye kiti cha pembeni, miguu mirefu imekunjwa chini. Daktari alikaa karibu naye, akamshika kifundo cha mkono kama anayesalimia, vidole juu ya mshipa. Binti akawatazama wote, akamwona Inspekta na sare yake.

"Shangazi, kuna nini?"

Shangazi alivuta kiti hadi magoti yao yakagusana. Inspekta alidhani atazunguka, atatafuta neno laini, ataahirisha tena.

"Una ugonjwa wa moyo, pengine, kama baba yako," shangazi alisema. "Dada yako alikuwa nao. Nilijua, sikumwambia. Amekufa, mwanangu. Vuta pumzi. Taratibu. Nitakwambia yote."