Joto la Hewa Inayoingia

Ko! Mlio mmoja tu, usiku, ndani ya kiyoyozi cha chumbani. Kulipokucha, mwenye nyumba akamwita fundi.

Fundi huyu hakuwa mtu wa kubahatisha. Wenzake hukimbilia kujaza gesi. Yeye hupima kwanza. Saa nne asubuhi alipanda ngazi, akawasha kiyoyozi, akashika kipimajoto penye upepo wa baridi.

"Inayotoka, nyuzi kumi na nne. Safi."

Akakisogeza juu, panapoingia hewa ya chumba. Chumba kilikuwa na ishirini na sita. Kipimajoto kikasoma thelathini na saba.

"Kifaa chako kimezeeka, fundi," mwenye nyumba akatania, huku akirudi nyuma hatua moja.

Fundi akakibana kwapani mwake. Thelathini na sita na nusu: kizima. Akakirudisha juu. Thelathini na saba. Thelathini na tano. Thelathini na saba. Joto lilipanda na kushuka kama kifua cha mtu aliyelala.

"Bosi, humu kuna kitu kinapumua."

"Jaza gesi uende zako!"

Ukutani palibaki mraba mweupe, pale picha ya harusi ilipobanduliwa. Mke alitoroka, ndivyo majirani walivyoambiwa. Tangu siku hiyo jina lake likawa mwiko nyumbani humo.

Fundi akazima swichi, akafungua kifuniko, akaingiza mkono kupapasa feni.

Feni ikazunguka.

Umeme haupo. Ikazunguka.

Nywele ndefu zikamzonga kiganja, zikamvuta hadi kwenye kiwiko. Mfupa ukalia. Damu ikaruka hadi darini.

"Nitaje," kikanong'ona kiyoyozi.

Sauti ya kike, na haikuwa ikimwambia fundi.

"Bosi, mtaje mkeo! Mkono huu unalisha watoto wanne!"

"Aliondoka mwenyewe!"

Mfupa wa pili ukalia. Bosi akapanda ngazi kumziba mdomo. Kwa mkono uliobaki, fundi akamkaba bosi kola, akamvuta uso hadi kwenye feni. Shavu likachanika.

"Mtaje, au tufe wote!"

"Nilimsukuma tu," bosi akalia, damu mdomoni. "Kichwa kikagonga ukuta. Ko. Mara moja tu."

"Jina!"

Akalitaja.

Feni ikatulia. Mkono wa fundi ukatoka umevunjika, na juu ya ngozi, alama tano za kucha.

Kisha kule ndani, kwa adabu ya mke aliyeitwa na mumewe, sauti ikaitika:

"Abee."