Motokari ya Kukosa Kichwa

Siku ile ilikuwa siku ya kawaida. Ilikuwa siku ya tatu ya juma, mwezi wa kwanza. Mvua ilinyesha asubuhi kiisha ikanyamaza, na mi nilikuwa nimeikala mbele ya aneksi yangu, natwanga sombe, majani ya mihogo. Aneksi ni kanyumba ka chumba moja, kenye mutoto yangu Godefroid alinijengea nyuma ya nyumba yake, ndani ya lupango, kiwanja yake ya kuzungushwa ukuta, kule Ruashi. Mulango yangu ilikuwa inaangalia mukongo wa nyumba kubwa. Sikulalamikaka. Muzee anaikala kwenye banamuweka, sawa na kinu.

Lori iliingia ndani ya lupango, ikapita kando ya nyumba mpaka nyuma, inavuta kintu chekundu na kamba. Godefroid alishuka anacheka, jasho ku shingo, na akaniita niangalie. Eti dekapotabli, motokari ya kufunguka juu. Niliangalia. Biti bya kuikalia bibili tu. Usukani iko kuume, kama zote zenye zinapitiaka Zambia. Juu, hakuna. Bashi, ile kitambaa yenye ingeifunika, ilikuwa imepasuka katikati kama suruali ya mulevi.

Nilimwambia, "Manjanja ya nyumba yako, bati ya juu, ungali unaishikilisha na mawe, we unaleta motokari ya kukosa kichwa."

"Mama, hii ni ya mariaji. Kila siku ya posho, jumamosi, bantu banatafuta motokari ya kubebea bibi-arusi. Moteri ni nzima. Ni ngozi tu njo iliharibika."

Bibi yake, Chisanga, alikuwa ku dirisha ya jiko. Alisema, "Kinyume ya weye. Weye ngozi ni muzuri, moteri njo inasumbua."

Tulicheka sisi batatu. Ilikuwa mara ya mwisho ya kucheka pamoja ndani ya ile lupango.

Godefroid ni tolié. Kunyoosha mabati ya motokari njo kazi yake tangu ujana, na akiona kintu imebonyea anafurahi kama mwenye njaa akiona bukari, ugali, inatoka moto. Alinionyesha mahali pa kunyoosha. Palikuwa tatu. Moja mbele, ku kapo, kifuniko ya moteri. Moja ku mulango. Moja nyuma. Alisema mwenye kumuuzishia, muzee moja wa Kambove, alisema ni mvua ya mawe njo ilipiga.

Mvua ya mawe inatokaka juu. Haijue kupiga mulango.

Niliacha kinu, nikasogea, nikapitisha kidole. Kila kidonda ilikuwa na kona. Kona ya kintu cha kuchongwa, kona ya mbao. Ndani ya mukwaruzo mulikuwa rangi ya kahawia. Ilibaki chini ya kucha yangu, kavu kama makoko ya kidonda. Nilinusa. Verni. Verni ya kungarisha mbao, si ya motokari.

Nilimuuliza, "Mwenyewe alikufa lini?"

Godefroid alijifanya hasikii. Aliinama kuangalia magurudumu. Nilimungojea. Mutoto ulimuzaa mwenyewe, unajua atachoka kuinama saa gani. Alipoinuka alieleza yote.

Motokari ilikuwa ya kijana moja, Mwape, mutoto ya ule muzee, jina yake Chola. Mwape alikuwa anachimba mawe ya shaba kule Kambove. Siku moja alirudi na ile motokari, hata mama yake hakujua aliitosha wapi. Mwezi haukupita, shimo ilimufunika.

Sasa, kwetu, kijana akikufa kifo chenye bantu habaelewi, babebaji banatiaka sanduku ku mabega na kumuambia mufu: tuonyeshe. Kiisha banatembea. Banasema si beye, ni sanduku njo inabavuta. Inakwenda, inarudi, inazunguka, mpaka inagonga mulango wa muntu. Ule muntu, mara mingi, ni mumama muzee wa kukosa bwana. Banamufukuza. Akiwa na bahati, banamufukuza tu.

Sanduku ya Mwape haikutafuta mulango ya muntu. Ilizunguka lupango ya baba yake, ikafika ku motokari, ikaigonga mara tatu. Bantu bakasema basi, ile motokari njo ilimukula. Muzee Chola akaiuzisha bei ya bure.

Na kuko neno ingine, yenye bazee bote banajua. Kintu yenye sanduku imegonga, hainyooshwe. Ile kidonda ni neno ya mufu. Inabaki vile mpaka jamaa yake inakuya kumwanga unga mweupe pale na kusema: imekwisha, tumesikia. Chola alikuwa na haraka. Hakumwanga kintu.

Nilijua ile desturi. Kinywa changu njo kingemuambia Godefroid arudishe ile kintu Kambove siku ile ile. Badala yake nilicheka. Nilimuambia, nyoosha, mwanangu, mbao ni mbao. Nilikuwa na sababu ya kucheka na nitaisema, muniache kwanza nimalize motokari.

Alitosha magurudumu yote ine, akaiweka juu ya matafari, uso ku mulango ya lupango. Alipiga nyundo toka ndani mpaka bati ilirudi. Alipaka mastiki, ile uji nzito ya kujaza mashimo ya bati, akasugua na musasa siku mbili. Kiisha akaita Amadi, fundi wa rangi, muntu wa jamaa ya Maniema, wa maneno kidogo. Amadi alipuliza rangi nyekundu. Jioni ile motokari ilingaa hata Chisanga alijiangalia ndani ya kapo, akapanga kitambaa yake ya kichwa.

Asubuhi, mastiki ilikuwa chini. Bipande bitatu. Bidonda bilirudi kwenye bilikuwa, na kona zabyo.

Amadi alisema ni mvua, mastiki haikukauka. Alirudilia kazi. Hakuomba kintu.

Asubuhi ya pili, mastiki haikuwa chini ya motokari. Ilikuwa ku mulango yangu. Bipande bitatu, bimepangwa musitari, kama vile muntu anaacha mikate ku mulango ya mwenye haiko. Nilibifagia mbele ya bengine kuamuka. Nilisema ni batoto. Nilijisemea vile, kwa sauti, mi peke yangu na ufagio.

Amadi alipofika, alitia mukono ndani ya kidonda ya kapo. Aliutosha haraka. Alikusanya bintu byake, akasema bisimilai, akaenda. Kopo zake za rangi aliziacha, na rangi ni ghali.

Asubuhi ya tatu, motokari ilikuwa imegeuka.

Musikie muzuri. Haikuwa na magurudumu. Ilikuwa juu ya matafari. Matope ya lupango ilikuwa laini, mvua ilinyesha usiku, na hapakuwa nyayo, hapakuwa mukwaruzo, hapakuwa alama ya kamba. Matafari yenyewe ilikuwa imegeuka pamoja nayo. Chini yake, udongo ilikuwa kavu.

Uso wake ulikuwa kwangu.

Chisanga alitoka na beseni ya maji. Alisimama. Aliangalia motokari, aliangalia mulango yangu, aliangalia tena motokari. Alisema pole pole, kama muntu anasoma barua:

"Mama. Iko inakuonyesha."

Toka pale, hakuna muntu aliyenitukana. Ingekuwa muzuri banitukane, matusi nayajua kujibu. Mujukulu yangu Kiki, wa miaka sita, nilimupatia kalanga ndani ya mukono. Aliangalia mama yake ku dirisha. Kiisha aliweka zile kalanga chini, moja moja, mbele ya miguu yangu, akaenda. Bajirani balianza kupita njia ingine. Kila asubuhi Godefroid na bakijana bane balikuwa banageuza motokari uso ku njia. Kila asubuhi ya kufuata nilikuwa nafungua mulango na naikuta.

Sasa ile sababu.

Miaka kumi na mbili imepita, mutoto yangu wa kwanza, Antoine, alikufa na tumbo. Siku mbili tu. Nilitaka muntu wa kuchukia, na Mungu iko mbali. Kulikuwa jirani, Madeleine, mujane, tulikuwa tumegombana ku bomba ya maji. Mbele ya babebaji kuinua sanduku, niliinama ku sikio ya ule wa mbele. Nilisema neno mbili: kwa Madeleine.

Sanduku ilienda. Ilizunguka kwanza, kwa kuona haya. Kiisha iligonga mulango yake mara tatu.

Balimufukuza mbele ya jua kuingia. Alibeba sufuria na kiti kidogo. Hakulia. Mvua ilianza kunyesha, ile kubwa, na alikuya kwangu. Alipiga mulango. Mara tatu, pole pole, kama mugeni mwenye adabu. Alisema, "Mama Antoine, acha tu mvua ipite."

Nilikuwa ndani. Sikufungua.

Alifika Kipushi kwa jamaa yake, na mwaka haukwisha akakufa. Ku kilio yake sikuenda. Mubebaji wa mbele, mwenye nilinongoneza, alikuwa Godefroid.

Haturudiliake ile neno, mi na ye. Miaka kumi na mbili, tunakula sahani moja, haturudilie.

Godefroid aliingia kwangu muchana moja, mvua inapiga manjanja. Aliikala juu ya kinu. Alisema jamaa banaona muzuri niende kwanza Kipushi, kwa mudogo yangu, jina yake Mujinga. Siku kidogo tu. Nilimuuliza jamaa ni nani. Aligeuza macho ku nyumba kubwa.

Nilisogea karibu. Nilinongona, sababu Chisanga alikuwa nyuma ya ukuta.

"Godefroid. Weye njo ulibeba mbele."

"Najua, mama."

"Basi unajua sanduku haitembeake. Ni mabega."

"Najua." Aliangalia mikono yake. "Njo maana naogopa. Ile, niliisukuma mi. Hii, nani anaisukuma?"

Mi muntu wa majibu. Bantu ba Ruashi bote banajua, ukiniuliza saa nitakupatia na dakika. Siku ile nilitafuta jibu ndani ya kinywa nikakuta meno tu, na si yote. Kwa hiyo nilifunga mizigo.

Siku ya posho Godefroid alirudisha magurudumu. Bataksi ba mutaa balikataa kunibeba, balikuwa bamesikia. Basi ilibaki ile motokari. Nilipanda, kitambaa yangu ya kichwa nimeifunga na nguvu, beseni ku magoti, na tukatoka Ruashi tukapita katikati ya muji, juu wazi, jua inanipiga ku utosi.

Tuliingia ndani ya musururu ya mariaji. Hatukutaka, barabara njo ilitusukuma. Mbele magari na maua, nyuma magari na maua, honi zote zinalia. Bantu ba kando ya njia baliona motokari nyekundu ya wazi, bakapiga bigelegele. Kiisha baliniona. Mumama moja mwenye kuuzisha ndizi alisema na sauti kubwa, "Ule bibi-arusi, balimungoja toka lini, alishakauka?" Bote bakacheka. Godefroid alishika usukani na hakugeuka. Nilipungia ule mumama mukono. Nilifanya nini ingine? Ile motokari ilinunuliwa kwa kubeba bibi-arusi, na wa kwanza alikuwa mi.

Njia yote ya Kipushi haikusumbua hata kidogo. Ilienda laini, kama inajua.

Godefroid aliniacha kwa Mujinga, akaweka beseni chini, akasema atarudi kunitafuta. Alienda kuuzisha motokari ku mupaka, kwa muntu wa ngambo. Kiisha nilisikia hata ule hakukaa nayo, aliikatakata, akauzisha bati kwa kilo. Vizuri. Unga Godefroid ananitumiaka, na mikono ya bantu bengine. Ye mwenyewe hajafika bado. Ni miezi munane.

Chumba yangu hapa iko na mulango ya bati. Bati mupya, Mujinga aliiweka mbele nifike.

Mvua ya kwanza, kiangazi ilipoisha, ilinyesha muchana, saa tisa. Nilikuwa naikala, nachagua maharagi. Balipiga mulango. Mara tatu. Pole pole. Kama mugeni mwenye adabu.

Nilifungua. Safari hii nilifungua mbio, maharagi yote chini.

Hakuna muntu. Matope laini. Hakuna nyayo.

Ku bati, inje, bidonda bitatu. Kila moja na kona yake. Juu sana, kwenye mukono wangu haufikie muzuri. Ni urefu wa kintu yenye banaume banabeba ku mabega.

Mujinga anasema ni mvua ya mawe. Aliita fundi anyooshe. Nilimufukuza yule fundi na nyundo yake mbele afungue mufuko. Toka ile siku, mvua ikianza, naacha mulango wazi na naweka kiti karibu ya moto, kiti ya pili. Hakuna mwenye anaingia. Mvua ikiisha nafunga mulango, na bidonda bimeongeza kuingia ndani.

Leo asubuhi nilipanda juu ya kiti kupanguza vumbi. Nilipitisha kidole ndani ya kona. Nilitosha, nikaangalia chini ya kucha.

Verni. Ilishika kidole.

Ingali mbichi.