Hatamu ya Kagwiria

Hatamu ilikuwa ukanda mwembamba wa shingoni, na kazi yake ilikuwa moja: kuzuia kosa kabla halijatoka mdomoni. Ilisoma misuli ya koo, ikapima kitenzi kilichokuwa kinakuja, na kikiwa kibovu iliufunga ulimi mpaka mwenyewe apate umbo sahihi. Wakubwa wa Mnara wa Anga, kebo ndefu iliyopanda hadi angani kule Ekwado, walikiita kifaa hicho kidhibiti-usemi. Jina la hatamu lilitoka kwa waliokivaa.

Mhandisi Kagwiria alikivaa kwa hiari. Alilelewa Nairobi kwa Kiingereza kitupu, kama watoto wengi wa mtaa wao, na Kihispania, lugha ya kazi mnarani, kilimtoa jasho. Kiingereza humwachia mtu kitenzi kilekile atembee nacho karibu kutwa nzima. Kihispania hukigeuza kwa kila mtendaji na kila wakati, na mtu akitaka kuamuru, hukigeuza tena. Shuleni kwao aliyekosea alichekwa mpaka akome kunyoosha mkono. Kagwiria alikoma mapema, akabaki hivyo hadi ukubwani.

Kwa miezi mitatu mnarani hakukosea hata mara moja.

"Unaongea kama kitabu," Evaristo, msimamizi wa kebo, alimwambia. "Mke wangu anataka uje nyumbani, watoto wakusikie."

Kagwiria alifurahi sana, wala hakuficha.

Jumanne moja asubuhi, breki za kipandishi, roboti inayokwea kebo kupeleka mizigo angani, zilikatika. Kikaanza kuporomoka. Evaristo alikuwa chini yake, amekipa mgongo. Kagwiria alifungua kinywa amwambie atoke, na kilichomjia ni kitenzi kikavu, hakijageuzwa, kama Kiingereza kilivyomzoesha. Hatamu ikamfunga ulimi. Akajaribu tena, ikamfunga tena. Zilipita sekunde tatu.

Kipandishi kilimwangukia Evaristo, akakatwa miguu yote miwili. Ripoti ya uchunguzi ilieleza kwamba kidhibiti-usemi kilifanya kazi ipasavyo.

Wiki ya pili Kagwiria alikwenda hospitali, shingo tupu.

"Ulikuwa unaniona, mhandisi," Evaristo alisema. "Mbona ulinyamaza?"

Kagwiria akamweleza yote, kuanzia breki hadi ulimi. Vitenzi vilimtoka ovyo, vya jana vikasemwa kama vya kesho, naye aliona aibu kwa kila kimoja. Evaristo alisikiliza mpaka mwisho bila kumsahihisha.

"Nimekuelewa," alisema. "Kumbe ungeniita hivi hivi tu."

Kisha akageuza uso ukutani.