Mapafu ya Kuoshwa Kivukoni

Temirkan alifunga minyororo kwenye magurudumu ya jipu lake la Uazi huku vidole vimekufa ganzi. Jua lilikuwa linazama nyuma ya misonobari. Ndani ya nyumba yao ya mlinzi wa msitu, mkewe Jazgul alikuwa na uchungu tangu alfajiri, na mtoto hataki kutoka. Mama yake Temirkan aliketi mlangoni, mjeledi magotini, kumzuia Albarsti.

"Ukimkuta mkunga Saadat anakunywa chai, mbebe na kikombe chake," mama alisema. "Nenda, mwanangu."

Kila mtoto wa milima ile anamjua Albarsti, jini wa kike mwenye nywele za manjano. Humvizia mwanamke anayejifungua, humnyofoa mapafu, kisha hukimbilia majini. Akikamatwa kabla hajayalowesha, mzazi hupona. Akiyalowesha, basi tena. Siku zote Temirkan aliyacheka mambo hayo. Jioni ile hakucheka, wala hakuogopa. Moyo wake ulikuwa kama mguu uliokaliwa muda mrefu, hausikii kitu.

Akaingiza gia ya magurudumu yote manne, akateremka. Theluji ilifika juu ya bampa. Kwenye kona hakugusa breki hata kidogo. Aliiacha injini imshike, na Uazi likateleza upande upande kati ya miti, minyororo ikisaga barafu.

Kisha taa zikamwangaza mwanamke.

Alikuwa akitembea peke yake katikati ya njia, kitu kimefungwa kitambaani, amekikumbatia kifuani. Kule hakuna anayempita mtu kwenye theluji. Hata awe mwizi wa farasi wako, unasimama. Temirkan akasimama.

"Ingia, dada, utaganda!"

Akaingia bila kukung'uta theluji.

Hakuwa na theluji ya kukung'uta.

Nywele za manjano zilichungulia chini ya kitambaa chake cha kichwa. Harufu ya machinjoni ikajaa garini, mbichi, ya vuguvugu...

"Unaenda wapi?"

"Kwenye maji," alinong'ona. "Maji yanayotembea."

"Kote kumeganda. Labda kivukoni, penye chemchemi ya moto."

"Nipeleke."

"Umebeba nini?"

"Mapafu. Nataka kuyaosha."

Temirkan akatabasamu. Watu wa bonde lile wakichinja kondoo, mapafu yake huoshwa kwa maji mengi mpaka yawe meupe, yakajazwa maziwa, yakachemshwa. Ndicho chakula cha mgeni wa heshima.

"Kumbe kuna karamu! Nami mniwekee kipande basi. Mke wangu anajifungua leo."

"Najua."

Habari hukimbia milimani, Temirkan akajiambia, akakanyaga mafuta.

Fff... fff...

Alidhani ni feni ya joto. Akaizima.

Fff... fff...

Sauti ilitoka mapajani mwa yule mwanamke, taratibu, kama ya mtu aliyelala chumba cha pili. Temirkan akaisikia vizuri kabisa. Akaendelea kuendesha. Hata leo hawezi kusema kwa nini.

Kivukoni maji yalifuka mvuke. Mwanamke akashuka, akapiga magoti mbele ya taa, akafungua kitambaa. Mapafu yalikuwa ya waridi. Yakavimba. Yakanywea. Yakavimba tena.

Kondoo aliyechinjwa hapumui.

"Usiyaloweshe!" Temirkan akapiga honi kwa viganja vyote viwili, akaruka nje, akaanguka, akainuka. "Dada! Nakuomba! Usiyaloweshe!"

Mwanamke akamgeukia, uso mtulivu kama wa jirani mwema.

"Ahsante kwa lifti, kaka."

Akayazamisha. Mapovu yakapanda juu ya maji. Yakapungua... yakaisha. Temirkan alipofika palikuwa na kitambaa tu, na theluji isiyokanyagwa na mtu.

Nyumbani kwake bondeni, Saadat alimsikiliza bila kukatiza, akafunga mkoba wake. Walipokuwa wakipanda ndipo aliposema, "Ukampakia mwenyewe, Temirkan?"

"Mtu yuko kwenye theluji, shangazi! Wewe ungempita?"

Saadat alitazama miti ikipita. "Nisingempita," akasema.

Mama alikuwa amesimama nje, anacheka na kulia, amebeba mtoto kwenye ngozi ya kondoo.

"Dume! Jazgul alikata pumzi kidogo, nikajua nimempoteza. Mara akafumbua macho mwenyewe. Mzima kabisa!"

Temirkan alitaka kufurahi. Alisubiri furaha ije, haikuja. Saadat akaingia ndani. Kupitia mlango ulio wazi walimwona ameegesha sikio kifuani pa Jazgul. Akaliegesha upande wa pili. Alikaa hivyo kwa muda mrefu, kisha akatoka haraka, shali lake amelisahau ndani.

"Nirudishe kwangu," alinong'ona.

"Mkwe wangu ana nini?" mama akauliza.

"Nirudishe, Temirkan. Tafadhali."

Jazgul akaja mlangoni, miguu mitupu, akanyoosha mikono. Mama akampa mtoto. Baridi ilikuwa ya kupasua mawe. Mvuke ulimtoka mama kinywani. Ulimtoka Saadat. Hata mtoto, kwenye ile ngozi, alitoa ukungu mdogo kila alipolia.

"Mbona unanitazama hivyo, baba mtoto?" Jazgul akauliza.

Hakuna kilichotoka kinywani mwake isipokuwa maneno.

"Rudi ndani," Temirkan akasema. "Kuna baridi."

"Sisikii baridi," akajibu, akafungua kifua, akaanza kumnyonyesha mtoto.